Paa wa Sultani Darai: shujaa ni nani?

Wanafunzi wangu wa fasihi simulizi huanza uchambuzi kwa kuuliza nani mhusika mkuu na nani mdogo. Mimi huwauliza: huyu anafanya kazi gani katika hadithi?

Mwaka 1928 Mrusi Vladimir Propp alichapisha uchambuzi wa ngano 100 za kwao. Aliona kwamba majina na sura za wahusika hubadilika, lakini matendo ni yale yale 31, na hufuatana kwa mpangilio mmoja. Akayagawa kwa dhima, yaani majukumu, saba: adui, mfadhili, msaidizi, binti mfalme pamoja na baba yake, mtumaji, shujaa na shujaa wa uongo. Dhima si mtu. Mhusika mmoja aweza kubeba tatu, na moja ikabebwa na watatu.

Sasa tazama ngano ya Sultani Darai, iliyomo katika hadithi za Unguja alizokusanya mmisionari Mwingereza Edward Steere na kuzichapisha mwaka 1870. Hamdani, maskini anayechakura jaani, ananunua paa kwa thumuni, sarafu ndogo; ndiye huyo paa atakayemwita Sultani Darai. Paa huyo anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani mwingine, anamposea bwana wake binti, kisha anamuua nyoka wa vichwa saba na kulitwaa jumba lake. Hamdani je? Anavishwa, anaozwa, anahamishiwa jumbani. Kazi za shujaa zote kazifanya msaidizi!

Ninachokipenda zaidi ni hiki. Kwa Propp, mfadhili humjaribu shujaa kwanza, ndipo humpa zawadi, na harusi hufunga hadithi. Wasimulizi wa Unguja wametanguliza zawadi na harusi, jaribio wakaliweka mwisho. Paa anaugua, Hamdani anaamuru apikiwe uji wa mtama, kwani si alimnunua kwa thumuni tu? Paa anakufa, anatupwa kisimani.

Wengi humwita Hamdani shujaa kwa kuwa hadithi inaanza naye na kuisha naye. Sikubali. Amevuna jasho la mwingine, na mwisho anajikuta tena jaani: huyo ni shujaa wa uongo. Mkewe alimwandikia barua baba yake, naye sultani akaja, akamtoa paa kisimani, akamzika kwa heshima. Katika orodha ya Propp, kumtambua shujaa wa kweli ni kazi ya binti mfalme na baba yake.