Fundi baiskeli wa kutembea: kipato kiko kwenye ratiba

Shinyanga, Kahama, Maswa na miji mingine ya usukumani, baiskeli bado ni chombo cha kazi. Inabeba abiria (huko ukisema daladala, wengi wanaelewa baiskeli), inabeba madumu ya maji, mkaa na maziwa ya asubuhi, na msimu wa pamba ukifunguliwa inapeleka mzigo kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Baiskeli ikilala, mwenyewe naye amelala njaa. Kijana mwenye spana na mikono mizuri angepaswa kuishi vizuri mahali kama hapo. Lakini mafundi wengi wanaokuja kwetu wakufunzi wa ufundi stadi kuongeza ujuzi wana kilio kimoja: leo pesa ipo, kesho na keshokutwa hakuna kitu.

Ukiwafuatilia kazini, sababu inaonekana upesi. Wanazunguka wakitafuta pancha. Pancha haina miadi. Inampata mtu njiani, naye anamwendea fundi wa karibu, awe nani. Fundi wa kutembea akitegemea pancha peke yake anashindana na kila mwenye pampu chini ya mwembe, huku yeye anachoka zaidi kwa sababu anaendesha kutwa nzima. Kilicho chake, ambacho wa kijiweni hana, ni kuweza kumfuata mteja mahali alipo, kwa siku na saa inayojulikana. Hicho ndicho cha kuuza.

Tuseme kuna kijiwe cha daladala chenye waendeshaji 8. Unaongea na kiongozi wao: kila Jumatatu saa 12 asubuhi, kabla abiria hawajawa wengi, unakuja kukagua baiskeli zote, kila mmoja analipa shilingi 2,000 kwa wiki, vipuri ni juu yake mwenyewe. Hapo una 16,000 kabla hujaziba tundu hata moja. Ukipata vijiwe 4 vya namna hiyo, kila kimoja na siku yake, una 64,000 kwa wiki za uhakika, na pancha zinakuwa nyongeza. Bei nimeweka za kupigia hesabu tu. Za mtaani kwako unazijua wewe. Wauza maji wana saa zao, wapeleka maziwa wana zao, na shule yenye wanafunzi wanaotoka mbali ina siku moja baada ya masomo ambayo mwalimu mkuu akikubali utakuta baiskeli nyingi zimepangwa mahali pamoja. Siku ya mnada usipange mambo mengine, nenda mnadani.

Sasa huo ukaguzi uwe ukaguzi kweli. Mtu hatalipa wiki ya tatu kwa kupuliziwa upepo. Baiskeli moja ikuchukue dakika kumi au kumi na tano. Shika gurudumu, litikise kushoto na kulia: likicheza, koni (nati inayobana gololi) imelegea, na ikiachwa hivyo gololi zitakula kikombe cha habu, yaani kitovu cha gurudumu. Bana spoki mbilimbili kwa vidole, zunguka gurudumu zima. Baiskeli kubwa za mtindo wa Phoenix na Hero kwa kawaida zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, na za nyuma ndizo zinazobeba gunia na abiria. Spoki iliyolegea inavutwa na kuachwa kila gurudumu linapozunguka, mpaka chuma kinachoka na kukatika, mara nyingi upande wa friwili (gia ya nyuma inayovutwa na cheni) ambako kuibadilisha ni kazi ndefu. Nusu mzunguko wa niponi, kile kinati cha kukazia spoki kwenye ringi, leo unamwokolea mteja nusu siku ya kukaa bila kazi.

Cheni usiipime kwa macho. Chukua rula ya inchi. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, kwa hiyo pingili 24 ni inchi 12 kamili kama cheni ni mpya. Weka sifuri katikati ya pini moja, ivute cheni inyooke, usome pini ya ishirini na nne baada yake. Ikiwa imepita alama ya 12 kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, yaani kama milimita moja na nusu, mwambie mteja anunue cheni. Ikipita kwa moja ya nane, karibu milimita 3, cheni hiyo imeshachonga meno ya friwili, na ukifunga mpya peke yake itaruka. Mwonyeshe rula, asome mwenyewe. Mteja aliyeoneshwa habishani na bei, na wala hafikiri unamtafutia kipuri ili upate chako.

Mafuta ya cheni ni machache, tone kwenye kila pingili, kisha futa kwa kitambaa mpaka nje pakauke. Vumbi la usukumani wakati wa kiangazi likikutana na cheni iliyolowa mafuta linakuwa msasa. Oili chafu ya injini ndiyo mbaya kupita zote.

Pancha zenyewe utaziba, hilo halikwepeki, na hapa ndipo jina lako linajengwa au kuharibika. Kosa tunaloliona mara nyingi ni haraka: solusheni (gundi ya tyubu) inapakwa, kiraka kinabandikwa papo hapo kingali mbichi. Kwa kiraka cha dukani, kwaruza tyubu kwa msasa mpaka mng'ao uishe, paka solusheni nyembamba pana kuliko kiraka, subiri kama dakika tano mpaka ukigusa ukingoni haishiki kidole, ndipo ubandike na kukandamiza kutoka katikati kwenda nje. Wakati unasubiri, tafuta kilichotoboa. Tundu lenyewe linasema. Likiwa upande wa nje, rudi kwenye tairi mahali palepale, pitisha kitambaa ndani. Mbigili na mwiba wa mgunga huvunjikia humo na kusubiri tyubu irudi. Likiwa upande wa ringi, kichwa cha spoki kimechomoza au utepe wa ringi umeoza. Matundu mawili yaliyokaa sambamba yanaonyesha upepo ulikuwa mdogo na mzigo mkubwa, tyubu ikabanwa kwenye ringi. Bila kujua chanzo, kesho atarudi kwako amekasirika, au hatarudi kabisa.

Sanduku la kazi lifungwe chini iwezekanavyo kwenye keria, maana utaendesha nalo siku nzima. Spana za kawaida na spana nyembamba ya koni, ya spoki, kifungulio cha friwili, kikatia cheni, nyundo ndogo, pampu nzuri, grisi, na gololi za saizi kuu: robo inchi kwa habu ya nyuma, ambako kwa kawaida hukaa 9 kila upande, na za 3/16 kwa mbele. Ningekusihi uongeze kitu kimoja ambacho mafundi wengi hawana: gurudumu la nyuma la akiba la inchi 28, limesukwa na kunyooshwa tayari. Mwendesha daladala aliyepinda ringi asubuhi hana nafasi ya kukusubiri saa mbili. Mfungie la kwako kwa kodi ndogo, aendelee na abiria, wewe ondoka na lake ukalinyooshe jioni kwa utulivu. Wateja wa namna hii hawakuachi.

Kuna kazi za kukataa. Uma wa mbele uliopasuka haupigwi welding wala kunyooshwa kwa nyundo ukarudishwa barabarani na abiria nyuma. Breki usiyoijaribu kwa kuisukuma baiskeli mwenyewe usiikabidhi. Na kipuri cha bei ya kutupa kinacholetwa na mtu usiyemjua, hasa ringi nzima au fremu iliyopakwa rangi jana, kiache. Fundi akikutwa na mali ya wizi ni mtuhumiwa kama mwizi, na katika mji mdogo habari hiyo haifutiki. Ukinunua kilichotumika, andika jina la muuzaji na nunua mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa.

Kuhusu pesa, tenga ufundi na vipuri tangu siku ya kwanza. Ukimtajia mteja bei moja ya jumla, siku cheni itakapopanda bei dukani, ongezeko linatoka kwenye jasho lako bila wewe kujua. Daftari la mistari mitatu kwa siku linatosha: kilichoingia kwa ufundi, kilichoingia kwa vipuri, kilichotoka. Msimu nao uingie kwenye hesabu. Pamba ikianza kununuliwa, kuanzia Mei hivi, wakulima wana pesa na baiskeli zao zimebeba kupita kiasi. Mvua za Novemba hadi Aprili zinaleta tope kwenye habu na wateja wasio na kitu mfukoni. Nunua tairi na cheni za akiba msimu wa pamba, usisubiri mvua. Mkopo kwa mteja usizidi thamani ya ufundi wako. Kipuri kilipwe kwanza.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Kwa TRA, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato, na utajuaje umevuka kama huandiki? Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mafundi watano wenye ratiba na madaftari wana cha kuonyesha mezani. Waliojifunza mtaani wanaweza pia kuomba VETA, mamlaka ya ufundi stadi, iwapime na kutambua ujuzi wao hata kama hawakukaa darasani. Kwa mkopo, aanze kuonwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atawaeleza namna ya kusajili kikundi na nyaraka za kwenda nazo.