Hapana, kimondo hakikuanguka nyuma ya kile kilima

Kila kinapopita kimondo kikubwa, naletewa ujumbe ule ule: "Kimeangukia hapo nyuma ya kilima, tumekiona kwa macho yetu!" Hakikuangukia hapo. Inaniuma kuona watu wanakesha porini na tochi wakitafuta jiwe ambalo, kama lipo, liko mamia ya kilomita kutoka walipo.

Jicho haliwezi kupima umbali wa mwanga angani usiku. Likiona kitu kinang'aa sana, huamini kiko karibu. Lakini vimondo huanza kuwaka vikiwa juu yapata kilomita 100. Ukikiona nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, nacho kiko kilomita 80 juu ya ardhi, basi kati yako na chenyewe kuna karibu kilomita 400.

Tena kuzama nyuma ya kilima kikiwa bado kinawaka ndiyo dalili kwamba kiko mbali! Mawe mengi yanayofika chini huzimika yakiwa bado kilomita 20 hadi 30 juu, kwa sababu hewa imeshayavunja kasi. Kutoka hapo jiwe hushuka gizani kwa dakika kadhaa, upepo ukilipeperusha. Kwa hiyo aliye karibu nalo haoni moto ukigusa ardhi. Huona mwanga ukikatika juu, karibu na utosi wake, kisha kimya, na baada ya dakika moja na nusu hivi ndipo mshindo unapomfikia.

Kimya hicho ni cha hatari. Tarehe 15 Februari 2013, jiwe la upana wa mita 20 hivi lilipasuka juu ya eneo la Chelyabinsk, Urusi. Watu walikimbilia madirishani kutazama, mshindo ukawakuta pale pale. Wengi wa waliojeruhiwa walikatwa na vioo. Ukiona mwako mkali namna hiyo, kaa mbali na dirisha.

Habari ya jiwe kutua likiwaka na kuunguza nyasi, iacheni. Moto wake uliishia juu.

Kuna jambo vitabu hulipita mbio: mashahidi wanaosema walisikia mchakacho, kama wa majani makavu, wakati ule ule mwanga unapita. Sauti ya kawaida haiwezi kuwahi hivyo. Wapo wanaoeleza kwamba mwanga unaopwitapwita hupasha joto vitu vyepesi vilivyo karibu na msikilizaji, navyo vikatoa sauti. Sijaridhika na maelezo hayo, lakini mashahidi ni wengi mno kuwapuuza.

Basi ukikiona, usikimbie popote. Simama pale pale, ulinganishe kilipoanzia na kilipozimikia na mti au paa. Nyoosha mkono ukunje ngumi: ngumi moja ni kama nyuzi 10. Andika saa, kilidumu sekunde ngapi, na mshindo ulichukua muda gani kufika, kisha utume taarifa kwa International Meteor Organization, shirika la kimataifa linalokusanya taarifa za vimondo. Tukipata mistari ya njia yake angani kama walivyoiona watu wawili waliosimama miji tofauti, hapo tunaweza kuanza kutafuta.