Je, wajua kwa nini mwili unaojikarabati kila siku huzeeka?

Ukuta wa ndani wa utumbo hubadilisha seli zake karibu zote kila baada ya siku chache. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa na nyingine kushika nafasi yake. Kwa hesabu hiyo, mtu wa miaka 70 anatembea na utumbo ambao haujamaliza wiki na damu ya miezi minne tu. Sasa uzee unamwingilia wapi?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa kwamba hauingii kwenye seli kabisa. Mwaka 1912 daktari Mfaransa Alexis Carrel, akifanya kazi New York, alianza kukuza kwenye chupa seli zilizotoka kwenye moyo wa kiinitete cha kuku. Zilitunzwa hadi 1946, na kila mtu akaamini kwamba seli ikilishwa vizuri haifi. Wengine walipojaribu zikawafia, wakajilaumu wenyewe. Nani angemtilia shaka mshindi wa Tuzo ya Nobel? Siku hizi wengi wanaona kwamba lishe aliyozipa, ambayo ilikamuliwa kutoka kwenye viinitete, ilikuwa ikipenyeza seli changa kila ilipoongezwa.

Aliyeivunja imani hiyo ni mwanabiolojia Mmarekani Leonard Hayflick, mwaka 1961, akiwa na mwenzake Paul Moorhead huko Philadelphia. Seli zake za binadamu ziligawanyika mara 50 hivi, zikasimama. Je, ni chupa chafu, au ni lishe mbovu? Ili kujua, walichukua seli za mwanamume zilizokwisha kugawanyika mara 40 wakazichanganya na za mwanamke zilizogawanyika mara 10 tu. Chupa moja, lishe moja, joto moja. Baadaye wakakagua kromosomu, zile nyuzi za DNA zinazoonyesha kama seli ni ya mwanamume au ya mwanamke: seli za kiume zilikuwa zimetoweka, za kike bado zinaendelea kugawanyika. Lishe mbovu isingejua ipi ni ya kiume. Hata seli zilizogandishwa kwenye barafu kali, zikiyeyushwa huendelea kuhesabu pale pale zilipoishia.

Kinachohesabu ni telomea, kipande cha DNA kilichopo kwenye kila ncha ya kromosomu, chenye herufi zilezile sita, TTAGGG, zikijirudia maelfu ya mara. Mashine inayonakili DNA haiwezi kuifikia ncha yenyewe, kwa hiyo kila seli inapogawanyika telomea hupungua kidogo. Ikiwa fupi mno, seli hufunga kazi. Kuna kimeng'enya kinachoirefusha tena, telomerasi, ambacho Carol Greider na Elizabeth Blackburn walikigundua miaka ya 1980, lakini seli zetu nyingi zimekizima.

Makala nyingi huishia hapa, na msomaji anaondoka akidhani kwamba uzee ni telomea fupi. Si hivyo. Panya wa maabara ana telomea ndefu kutuzidi, na bado anazeeka na kufa ndani ya miaka miwili au mitatu. Isitoshe, kimeng'enya hicho hakikuzimwa kwa ubahili. Takriban saratani tisa kati ya kila kumi hukiwasha upya, na ndivyo zinavyopata kugawanyika bila kikomo. Kikomo cha Hayflick, yaani zile mara 50, ni breki, na mwili unaonekana kukubali kulipa uzee ili kuikwepa saratani mapema.

Malipo yenyewe hayaishii kwenye kusimama tu. Seli iliyofunga kazi mara nyingi haifi. Hubaki pale pale ikimwaga kemikali zinazowasha na kuvimbisha sehemu za jirani, kama mpangaji aliyeacha kulipa kodi, hahami, na usiku kucha anawapigia majirani kelele. Mwaka 2011 watafiti wa Kliniki ya Mayo, Marekani, waliwatumia panya waliobadilishwa jeni ili wazeeke haraka, wakaziondoa seli za namna hiyo miilini mwao. Misuli yao ilidhoofika polepole zaidi, na mtoto wa jicho akachelewa.

Na ule utumbo mpya? Seli zake huzaliwa na seli shina, na hizo ndizo zenye umri: zimekaa humo tangu utotoni, zikilimbikiza makosa ya DNA mwaka baada ya mwaka, na zinayarithisha kwa kila kizazi kipya.

Tena kuna sehemu zisizobadilishwa hata mara moja. Protini za kiini cha lenzi ya jicho ulizitengeneza kabla hujazaliwa, na ndizo unazosomea maneno haya. Tabaka mpya huongezwa juu, lakini za katikati hubaki, zikigandamana na kukakamaa, hadi ukifikisha miaka ya arobaini unajikuta unasogeza simu mbali ndipo uone. Kiini hicho hakibadiliki kiasi kwamba mwaka 2016 watafiti walikitumia kupima umri wa papa wa Greenland, kwa kupima kaboni iliyonaswa humo. Papa mkubwa kuliko wote waliopimwa alikadiriwa kuwa na miaka isiyopungua 272.

Papa huyo analeta swali gumu zaidi: kama inawezekana kuishi hivyo, kwa nini viumbe wengine hawaishi hivyo? Peter Medawar, mwanabiolojia wa Uingereza, alitoa jibu mwaka 1952, na sijaona linalolizidi. Panya wa porini kwa kawaida haumalizi mwaka; paka, bundi au baridi humwahi. Jeni inayomharibu akifika miaka mitatu haina wa kumdhuru, kwa hiyo uteuzi asilia, ule mchujo unaowabakiza wanaozaa zaidi, hauioni, nayo inapita kizazi hadi kizazi. Ukarabati wa kumfikisha miaka 20 ungekuwa gharama bure, heri nguvu hizo azae mapema. Sasa mtazame popo wa Brandt, mwenye gramu saba hivi, mwepesi kuliko panya wengi. Yeye huruka, na hujificha mapangoni, hivyo maadui hawampati kirahisi. Kwake mwili unaodumu una faida. Mmoja aliyetiwa alama huko Siberia alikamatwa tena akiwa hai miaka 41 baadaye.