Kuokolewa kwa neema, na fundisho hilo linavyopotea kanisani

Kuokolewa kwa neema maana yake ni kwamba Mungu anamsamehe mwenye dhambi na kumfanya mwanawe kwa sababu ya kifo na ufufuo wa Yesu Kristo, si kwa sababu ya lolote alilofanya mtu huyo. Mtu anapokea kwa imani, basi. Waefeso 2:8-9 inasema ni kipawa cha Mungu, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu."

Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, ataelewa upesi. Anachukua mbolea kwa mkopo kupitia chama cha msingi cha ushirika. Tumbaku ikiuzwa, deni la pembejeo linakatwa kwanza, na mvua ikiwa mbaya habaki na kitu. Wengi wetu tunamwendea Mungu kwa hesabu hiyohiyo: nimefunga, nimetoa, nimehudhuria, sasa nasomekaje? Paulo anaikataa katika Warumi 4:4, kwamba mtu wa kazi hulipwa ujira kama haki yake, wala hiyo haiitwi neema. Katika injili deni halikatwi kwenye mauzo yako. Amelilipa Kristo, lote, na msimu wako ukiharibika halirudi.

Hapo ndipo huja swali: basi tutende dhambi tutakavyo? Paulo aliulizwa hilo zamani, akajibu "Hasha!" (Warumi 6). Aya inayofuata palepale Waefeso inasema tuliumbwa tutende matendo mema, na Yakobo anaongeza kuwa imani isiyo na matendo imekufa. Matendo yanafuata wokovu. Hayaununui.

Fundisho hili halipotei kwa watu kumkana Yesu. Wakristo wa Galatia hawakumkana. Walikubali tu kumwongezea tohara, na Paulo akawaambia kwamba kama haki hupatikana kwa sheria, "basi Kristo alikufa bure" (Wagalatia 2:21). Hata Wakatoliki na Walutheri, waliovutana juu ya jambo hili tangu siku za Martin Luther, walitia saini tamko la pamoja mjini Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999, wakikiri kuwa tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, bila stahili yoyote ya kwetu. Tofauti zilibaki, lakini hilo walilikiri pamoja. Kwa hiyo Mmoravian wa Urambo, ambako kanisa lake lipo tangu 1898, na jirani yake Mkatoliki hawana sababu ya kunyosheana vidole hapa.

Nyongeza zetu ni zipi? Sikiliza shuhuda za Jumapili. "Bwana asifiwe! Nimeokoka, siku hizi sinywi, sivuti, sichezi ngoma." Mambo mema hayo (la ngoma tuliache, lina mjadala wake), ila mara nyingi ushuhuda unakwisha Yesu hajatajwa, na kijana anayeendelea kuhangaika na pombe pale benchi la nyuma anajihesabu yuko nje. Mafuta ya upako ya kuuzwa na "panda mbegu ufunguliwe" hayahitaji maneno mengi: chenye bei si neema.

Kigumu zaidi ni bahasha ya sadaka. Mtu amefariki, ndugu wanakwenda kuomba mazishi, na kwenye baadhi ya sharika swali la kwanza ni kadi yake ya zaka. Sipingi utaratibu, michango ndiyo inayonunua bati. Lakini mjane anayeambiwa mumewe ana madeni ya kanisa, maiti ikiwa bado ndani, hasikii habari ya utaratibu. Anasikia kwamba mbinguni pia wanaangalia kadi. Mwenye kadi tupu alipaswa kutembelewa na mzee wa kanisa akiwa hai, wakae sebuleni waulizane kulikoni. Siku ya msiba ni ya kumhubiri Kristo.