Misuli ya mbio haivimbi, kazi iko ndani

Juzi tunapanda kilima cha Naguru na jamaa mmoja wa boda ninayemfanyisha mazoezi, mara akavuta suruali juu akanionyesha vigimbi, "Daktari, wiki ya sita hii nakimbia, mbona miguu iko vilevile?" Yaani alikuwa anangoja miguu ya watu wa jimu. Mimi nimesomea fiziolojia ya mazoezi na hili swali naulizwa kila mara, basi wacha niliandike hapa.

Mbio ndefu hazinenepeshi msuli sana, zinageuza mambo ndani ya seli. Kubwa ni mitokondria, yale majiko madogo ya seli yanayochoma sukari na mafuta kwa oksijeni. Mwaka 1967 huko Marekani John Holloszy alichapisha kazi yake ya kukimbiza panya kwenye mashine wiki kadhaa, uwezo wa mitokondria kwenye misuli ya miguu ulikuwa umepanda karibu mara mbili. Binadamu pia inapanda, watu wametolewa vinyama pajani kwa sindano vikapimwa (mimi nimewahi kutolewa, ganzi ikiisha utajua).

Inavyoenda ni hivi, kila msuli ukikaza kalsiamu inamwagika ndani ya seli, na nishati ikianza kupungua kuna kimeng'enya kinaitwa AMPK kinashtuka, hizo ishara zinaamsha protini ya PGC-1 alfa nayo inawasha jeni za kujenga mitokondria zaidi. Ila ujenzi wenyewe unaendelea masaa mengi baadaye, wewe umeshaoga umekaa unakula matoke, ndo maana nilimkataza kukimbia kwa nguvu kila siku.

Vimishipa vya damu navyo vinaongezeka kuzunguka nyuzi za msuli. Nyuzi zenyewe umeshaziona, ukinunua kuku pale sokoni Namawojjolo si paja ni jeusijeusi na kifua cheupe? Paja limebeba kuku siku nzima, lina mitokondria nyingi na mayoglobini (protini nyekundu inayotunza oksijeni msulini), kifua ni cha kurukaruka kidogo tu. Na Joshua Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda, alipomaliza mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 Valencia mwaka 2020, mguu ulikuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia.

Nikamuuliza, wiki ya kwanza uliweza kunilalamikia huku tunapanda? Akanyamaza hatua kama kumi hivi. "Wiki ya kwanza nilikaa pale kwa muuza chapati."