Je, wajua MRI hutofautishaje jipu la ubongo na saratani?

Kwa miaka mingi niliamini MRI ni eksirei iliyoongezewa nguvu, na kwamba picha ikishatoka ugonjwa unaonekana wazi, kilichobaki ni daktari kuutaja jina. Yote mawili si kweli. MRI haitumii eksirei hata chembe. Hutumia sumaku, mara nyingi ya tesla 1.5 au 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), pamoja na mawimbi ya redio, kusikiliza viini vya haidrojeni vilivyomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Kinachorudi ni habari za maji hayo, wala si jina la ugonjwa. Katika picha iitwayo T2, kwa mfano, maji hung'aa. Basi usaha, kiharusi na saratani vyote vyaweza kung'aa sawasawa. Ndiyo sababu mgonjwa hulazwa mle ndani nusu saa au zaidi: anapigwa picha za aina nyingi, kila moja na swali lake.

Chukua mtu anayeumwa kichwa, kisha akapata degedege. Anachomwa gadolini, dawa ya kung'arisha picha, na picha inaonyesha pete inayong'aa ndani ya ubongo, katikati peusi. Pete hiyo yaweza kuwa jipu. Yaweza pia kuwa glioblastoma, saratani ambayo kiini chake kimekufa na kuwa majimaji. Tiba za magonjwa hayo mawili ni tofauti kabisa.

Hapo huulizwa swali ninalolipenda kuliko yote: je, maji ya katikati yanatembea?

Fikiria wanafunzi uwanjani, wote wakitazama mbele. Kila mmoja amesimama juu ya namba iliyoandikwa chini. Mwalimu anaamuru: geuka kulia kwa kiasi cha namba yako. Baada ya muda mfupi sana anaamuru tena: geuka kushoto kwa kiasi cha namba unayoikanyaga sasa. Aliyebaki palepale anarudi kutazama mbele. Aliyehama amekanyaga namba nyingine, hivyo anaishia kutazama kwingine. Wanafunzi hao ni viini vya haidrojeni vya maji, na sumaku za ziada za mashine ndizo zinazotoa amri hizo mbili. Wakitazama mbele wote, mlio wa redio unaorudi kwenye mashine ni mkubwa na picha hung'aa. Wakitawanyika, mlio unafifia.

Usaha ni mzito, umejaa seli na protini, kwa hiyo maji yake yamebanwa kama watu ndani ya daladala iliyojaa. Hung'aa. Majimaji ya saratani iliyokufa katikati kwa kawaida ni mepesi, na maji yake huzunguka. Hufifia. Lakini mng'ao peke yake hautoshi, kwa kuwa ule wa T2 hupenya hadi kwenye picha hii. Daktari hulinganisha na ramani ya ADC, yaani picha inayopima jinsi maji yanavyotembea, ambako maji yaliyobanwa kweli huonekana meusi.

Njia hiyohiyo huonyesha kiharusi kipya cha kuziba mshipa, mara nyingi wakati CT, picha ya matabaka inayotumia eksirei, bado inaonekana safi, na husaidia kusaka saratani ya tezi dume.

Hata hivyo, saratani iliyovuja damu yaweza kufanana na jipu, na jipu lililokwisha kuanza tiba laweza kupoteza mng'ao. Maambukizi ya kimelea kiitwacho toksoplasma na kifua kikuu cha ubongo, ambavyo huwapata sana watu wenye VVU, navyo hutoa pete zisizofuata kanuni hii vizuri. Hapo daktari huagiza vipimo vya damu, na pengine sindano ya kuchukua sampuli kutoka ndani ya pete yenyewe.