Je, wajua? Kwa nini mdoriani mmoja msituni Kalimantan unaweza kuwa na wenyewe 64

Doriani si tunda geni kwetu. Msimu wake ukifika Unguja, harufu hukupokea kabla hujaliona. Lakini panda mtumbwi wa mashine kutoka Sanggau, mji ulio kando ya mto Kapuas huko Kalimantan Magharibi, Indonesia, ukunje kuingia kwenye kijito chochote. Utapita nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo, utapita mashamba ya mpira yaliyojaa vichaka, halafu utafika mahali penye midoriani mikubwa imesongamana, mingine ina urefu wa mita 30 na zaidi, hakuna nyumba, hakuna uzio, hakuna kibao. Swali: midoriani hii ni ya nani?

Jibu linalomjia karibu kila mgeni ni kwamba si ya mtu. Ni msitu, na msitu ni wa serikali au wa Mungu, na doriani iliyoanguka ni riziki ya aliyeiokota. Jibu hilo si sahihi, na kosa lake ni la pande mbili: mahali pale si msitu wa asili, na kila mti una wenyewe. Isitoshe, wenyewe hao wanaweza kujaza basi zima la mkoani.

Wadayak, wenyeji wa Kalimantan, wa sehemu za Sanggau hupaita mahali kama hapo tembawang. Kwa bahati nzuri Kiswahili kinalo neno linalokaribia sana: mahame. Kijiji kilikuwa hapo, kikahama. Zamani watu waliishi katika nyumba ndefu, familia nyingi chini ya paa moja, karibu na maji kwa sababu mto ndio uliokuwa barabara, kisima na bafu. Walikula matunda barazani, kokwa wakazitema au kuzitupa uani, na nyingine wakazipanda kwa makusudi nyuma ya nyumba. Baada ya miaka kadhaa wakahama: ardhi ya karibu imechoka, ukingo wa mto umemegeka, ugonjwa umeingia, au ugomvi tu. Nyumba ikaondoka nao.

Si kwa maneno tu, nyumba yenyewe iling'olewa. Nguzo za huko ni za mti uitwao belian, ambao sehemu nyingine za Kalimantan huitwa ulin. Mbao yake ni nzito kiasi kwamba kipande chake ukikitia majini huzama, na hukaa ardhini kwa miongo mingi bila kuoza. Mti wenyewe hukua polepole mno, kwa hiyo hakuna mwenye akili anayeacha nguzo nzuri nyuma. Huchimbuliwa, hupakiwa, husimamishwa upya kwingine. Kwa maana hiyo nyumba ya kando ya mto iko karibu zaidi na kabati kuliko na jengo: ni mali inayobebeka. Mti wa matunda ndio usiobebeka. Ukabaki, ukakua, vichaka vikauzunguka, na baada ya miaka 60 anayepita na mtumbwi huona "msitu".

Mtu anayejua kutazama hadanganyiki sana. Midoriani imekusanyika pamoja, na mingi ina unene unaolingana. Chini yake kuna miti ya shokishoki, ya langsat (matunda madogo ya rangi ya majani makavu yanayokaa kwa vishada) na ile miti ya jamii ya mnazi inayogemwa maji ya kupikia sukari. Mahali penyewe ni tambarare, maji hayako mbali, na ukipekua udongo unaweza kukuta kigae cha chungu au kisiki cha nguzo iliyovunjika isichimbulike. Baiolojia ya tunda nayo inashuhudia. Kokwa ya doriani ni kubwa, upepo hauisukumi, na haina subira: ikikauka siku chache tu imekufa, kwa hiyo haiwezi kulala ardhini ikingoja mwaka mzuri. Midoriani mingi mahali pamoja maana yake watu wengi walikula pamoja.

Tahadhari hapa. Mdoriani mmoja peke yake hauthibitishi kitu. Orangutani hula doriani, nguruwe mwitu pia, na mwindaji anaweza kula tunda lake porini akatema kokwa alipoketi. Ushahidi ni kundi la miti, si mti.

Sasa tuje kwenye umiliki wenyewe, maana hapa ndipo pana utamu. Sisi wa miji tumezoea kwamba anayenunua kiwanja amenunua na mwembe uliomo. Katika mila za Kalimantan, kama ilivyo katika mila nyingi za Indonesia, ardhi ni kitu kimoja na kinachosimama juu yake ni kitu kingine. Wanasheria wa huko huliita jambo hili utengano wa ulalo, kana kwamba mtu amepitisha kisu usawa wa udongo: chini mwenyewe huyu, juu mwenyewe yule. Mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa mara mbili. Anajua kwamba mikarafuu inaweza kuwekwa rehani au kukodishwa kwa msimu na ardhi isiguswe, na kwamba mnazi ukiwa wa Juma kwenye shamba la Hamisi, tembo linaweza kuwa la mgema asiye Juma wala Hamisi.

Haki juu ya mdoriani huanza kwa aliyeupanda, au aliyeukuta mchanga akausafishia shina na kuulinda. Akifa, hauendi kwa mtoto mmoja. Unakwenda kwa wote, wa kiume na wa kike sawasawa, kwa kuwa Wadayak huhesabu ukoo pande zote mbili. Wao wakifa, unakwenda kwa watoto wao wote. Piga hesabu ya mfano: mpandaji ana watoto 4, kila mmoja akazaa 4, na wale kila mmoja akazaa 4. Wajukuu ni 16, vitukuu ni 64. Mdoriani unaweza kuishi zaidi ya miaka 80, basi vitukuu hao huukuta bado unazaa. Na kwa kuwa kila mmoja ana babu na bibi wengine pia, ana haki katika miti ya mahame mengine kadhaa. Kitukuu mmoja huweza kuwa na sehemu katika miti mingi, na asiwe na mti hata mmoja wa peke yake.

Kwa nini hawagawani tu? Fikiria kanga. Doti ni vipande viwili; ukiikata katikati, ndugu wawili kila mmoja amepata nguo. Lakini kipande kimoja ukikikata tena mara nne umepata matambara. Shamba la mpunga ni kama doti, linakatika hadi kiwango fulani. Mti ni kile kipande cha mwisho. Kwa hiyo haki haikatwi, huzimuliwa, kama mchuzi ulioongezwa maji wageni walipozidi: kila kizazi kinaongeza kikombe, sufuria ni ile ile, ladha inapungua lakini hakuna aliyetolewa mezani.

Hapo swali gumu zaidi linajitokeza: watu 64 watakulaje mti mmoja bila kuuana? Kinachowaokoa ni tabia ya tunda lenyewe. Doriani huchukua miezi mitatu hadi minne tangu ua hadi kuiva, na huko haichumwi, inangojwa ianguke yenyewe. Nani apande mita 30 kulifuata tunda la kilo mbili lenye miiba? Matunda ya mti mmoja hayaanguki siku moja. Hudondoka kwa majuma kadhaa, mengi usiku. Na likishaanguka, saa inakimbia: baada ya siku mbili tatu ganda limepasuka na nyama imeanza kuchachuka. Hakuna wa kumwekea fungu ndugu aliyeko Pontianak, mji mkuu wa jimbo, litaharibika kabla hajapata basi.

Basi haki yenyewe imekuwa haki ya kufika. Msimu ukianza, wenye sehemu hujenga kibanda karibu na mti (kando kidogo, si chini ya matawi, kwa sababu iliyo wazi), hulala humo na kusikiliza. Mshindo ukisikika, mtu anatoka na tochi. Ni kama shughuli ya harusi: ukoo mzima umealikwa, lakini sahani hupakuliwa aliyefika. Asiyekuja mwaka huu hajafukuzwa, haki yake imelala tu. Akirudi mwaka ujao, akajitambulisha kwa wazee na kutaja nasaba yake, anakaa kibandani kama wengine. Kwa hiyo ile hesabu ya 64 inatisha kwenye karatasi tu. Wanaolala kibandani usiku mmoja huenda hawazidi watano. Mtu wa nje akiokota ni mwizi, na faini ya kimila ipo, ingawa kiasi chake hutofautiana kijiji hadi kijiji. Nasaba nayo ina kumbukumbu yake: miti mikubwa huwa na majina, mara nyingi la aliyeipanda au la tukio lililotokea chini yake, kwa hiyo kuijua miti ni kuijua familia.

Yakianguka mengi kuliko matumbo, nyama hukandwa kwa chumvi kidogo, hufungwa chomboni siku kadhaa hadi ichachuke, ikawa tempoyak, kiungo kikali kinachopikiwa samaki wa mtoni. Au hupikwa na sukari kwa moto mdogo hadi iwe kama halua ngumu, mtihani wa kweli wa mkono wa anayekoroga.

Usidhani kila mahali Indonesia ni hivyo. Kerinci, kule Sumatra, mashamba ya mpunga ya ukoo hulimwa kwa zamu: mwaka huu tawi hili, mwaka ujao tawi lile. Hata Kalimantan mpira haufuati mtindo wa doriani. Utomvu unadai mtu yule yule kila alfajiri: kukata gome kwa mteremko, kipande chembamba cha milimita moja au mbili, kukinga kikombe, kurudi baada ya saa chache kukusanya. Mvua ikinyesha kabla ya kukusanya, kazi imekwenda na maji. Mgema akizamisha kisu hadi kwenye mti wenyewe, jeraha hupona kwa nundu, na upande ule haugemeki vizuri tena. Mali ya namna hiyo haiwezi kuachiwa yeyote aliyefika. Ndiyo maana mpira huwa wa mtu au wa nyumba moja, na asiye na wakati humpa mgema wagawane mapato.

Mpira pia unaeleza kanuni ambayo mtu wa pwani ya Kenya au Zanzibar ataitambua mara moja: ukiazimwa ardhi, panda mpunga, panda mihogo, usipande mti. Mpunga unavunwa ukaondoka. Mti unabaki ukisema wewe ni nani, na baada ya miaka 20 mjukuu wako atasimama chini yake akidai.

Mfumo huu una mahali unapovunjika. Mahali pa kwanza ni karatasini. Sheria ya ardhi ya Indonesia, Na. 5 ya 1960, inasema msingi wake ni mila, lakini hati ya kumiliki inataka majina na mipaka, na tembawang ina majina mengi mno na mipaka michache mno. Sheria ya misitu Na. 41 ya 1999 iliihesabu misitu ya kimila kuwa misitu ya dola. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ililifuta neno hilo moja, "dola", kwenye kifungu husika. Lakini jamii bado inahitaji serikali ya wilaya iitambue kwanza, na hiyo ni safari nyingine. Wakati huohuo kampuni ya michikichi ikitazama picha ya setilaiti inaona kijani tupu. Ikilipa fidia, kwa kawaida ardhi na mimea huhesabiwa mbali, jambo linaloafikiana na mila, ila mtu mmoja akitia sahihi kwa niaba ya mti wa watu 64, kesi itaishi kuliko mti.

Mahali pa pili ni msumeno wa mashine. Matunda yanagawanyika kwa kufika, mbao hazigawanyiki hivyo: anayeuza gogo amekula haki ya wote kwa asubuhi moja. Ndiyo sababu kuangusha mdoriani unaozaa ni kosa kubwa kimila kuliko kuiba tunda.

Na mahali pa tatu ni mchuuzi anayetaka kununua mazao ya mti mzima kabla hayajaanguka. Yeye halali kibandani kusikiliza mshindo. Anataka mtu mmoja wa kupatana naye bei. Ndipo wenyewe hulazimika kuhesabiana na kugawana pesa, na pesa, tofauti na doriani, inaweza kutumwa Pontianak. Ndugu wote ambao haki zao zilikuwa zimelala huamka siku hiyo hiyo.

Kibandani, kokwa za usiku huo zimetapakaa kuzunguka moto uliozimika. Nyingi zitaliwa na nguruwe. Moja mbili zitachipua ndani ya juma, na mtu akipita na panga akaisafishia moja shina lake, hesabu ya wenyewe imeanza tena kwa mmoja.